Msimbati na Mikindani: tazama mwezi kabla ya kujaza dizeli

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Masasi na ni mlezi wa klabu ya mazingira. Likizo fupi ya Septemba tunataka kuwapeleka wanafunzi 24 kwenye hifadhi ya bahari kule Msimbati na mji wa Mikindani. Tuna Coaster ya shule na bajeti ya usiku mmoja. Nimepanga Ijumaa Mikindani, Jumamosi Msimbati, jioni hiyo hiyo turudi. Wengi wao hawajawahi kuiona bahari. Mpango umekaa sawa? Tutaona kasa? Tukodi boti kwenda visiwani? Na mwalimu mwenzangu wa historia anauliza kama Mikindani kuna cha kuona zaidi ya kuta zilizobomoka.

JIBU: Mwalimu, salaam. Kabla sijagusa suala la basi na malazi, nakuuliza mimi: Jumamosi hiyo itakuwa tarehe ngapi ya mwezi mwandamo? Kama jibu huna, safari ya Msimbati bado hujaipanga. Ulichopanga ni safari ya kwenda kutazama maji, na maji matupu hata ukiyatazama dakika kumi yanatosha.

Nieleze kwa nini. Bahari yetu hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa sana na kupwa sana, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huzidi mita tatu. Ufukwe wa Msimbati utauona saa yoyote, ni mweupe na mrefu, watoto watapiga picha na kufurahi. Lakini vile unavyotaka wavione kama klabu ya mazingira, yaani nyasi bahari, miamba, madimbwi yenye viumbe, mizizi ya mikoko, sehemu kubwa ya siku vimefunikwa. Siku za maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, havitoki sawasawa hata ukisubiri kutwa nzima.

Hesabu yake pwani hii haina ugumu. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, maji ni ya bamvua: asubuhi yanatoka, yanafika mwisho kati ya saa nne na saa sita, halafu alasiri, kuanzia kama saa kumi, yamejaa. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Ukifika tarehe saba hadi tisa za mwezi, au ishirini na moja hadi ishirini na tatu, umeingia maji mafu, na mambo yamegeuka: saa nne ya asubuhi maji yamejaa, na yanapotoka jioni hayaendi mbali. Kalenda ya msikiti wowote hapo Masasi itakuonyesha tarehe. Saa kamili utazipata kwenye jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Mtwara. Usitegemee jedwali la Dar es Salaam ulilolikuta kwenye simu. Halitakupotosha sana, lakini kwa nini ubahatishe na watoto wa watu?

Kwa hiyo chagua Jumamosi iliyo karibu na mwezi mchanga au mpevu. Kama likizo yenu nzima inaangukia maji mafu, kwa maoni yangu ni heri kusogeza safari hadi Oktoba na kuomba ruhusa ya Ijumaa moja kuliko kuja kwa sababu tu kalenda ya shule imefunguka. Oktoba na Novemba bahari hutulia zaidi pia, kusi limekwisha na mvua hazijaanza. Septemba upepo wa kusi huwa unapungua nguvu, asubuhi ni shwari, mchana unaamka tena. Hilo nalo ni sababu nyingine ya kufanya kila kitu cha baharini asubuhi.

Sasa mpangilio. Ulivyopanga ndivyo wengi wanavyopanga: Mikindani kwanza kwa kuwa iko barabarani, kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara mjini kwenye barabara ya Lindi, kisha Msimbati. Mimi ningegeuza. Mikindani ilijengwa kwa vitu vilivyotoka baharini na mikokoni. Mwanafunzi aliyeanza na ukuta haoni kitu, anaona ukuta. Aliyeanza na mwamba ataukuta mwamba ule ule ukutani, na hapo hutahitaji kumhutubia.

Njooni Ijumaa, mlale Mtwara. Jumamosi alfajiri mwende Msimbati, mchana mtoke, saa kumi muwe Mikindani maji yakiwa yamejaa, mtembee kidogo tu ufukweni. Mlale tena. Jumapili asubuhi muuzunguke mji kwa miguu kabla jua halijawa kali, mchana muondoke. Ni usiku mbili, najua, na bajeti yako ni ya mmoja. Lakini shule za bweni za Mtwara zikiwa likizo mabweni yake ni matupu. Mkuu wako wa shule akimwandikia mwenzake mapema, mara nyingi mnachangia maji, umeme na mpishi tu. Bebeni mashuka. Usiku wa pili hautagharimu hata nusu ya hoteli moja ya bei nafuu.

Kuna faida nyingine ya kuisogeza Mikindani kutoka Ijumaa: ule ni mji wa Waislamu tangu zamani, na Ijumaa kuanzia saa sita mpaka kama saa nane hutampata wa kukuongoza. Huo muda utumieni njiani. Mkishuka kwa njia ya Newala, simameni Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa uwanda wa Makonde, bonde la Ruvuma limelala chini yenu. Wanafunzi wauone mto kutoka juu siku ya kwanza, kesho yake watakuwa kwenye hifadhi inayobeba jina la maingilio yake. Mtarudi kwa njia ya Mnazi Mmoja na Ndanda, kwa hiyo hamtapita barabara moja mara mbili.

Tuje Msimbati. Jina kamili ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilitangazwa mwaka 2000, ikiwa hifadhi ya bahari ya pili nchini baada ya ile ya Kisiwa cha Mafia ya mwaka 1995. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi, kama theluthi moja yake nchi kavu, kuanzia rasi ya Msangamkuu inayotazamana na mji wa Mtwara hadi mpaka wa Msumbiji. Jambo la kuwaambia wanafunzi mapema ni kwamba ndani yake wanaishi watu. Si Mikumi. Kuna vijiji, misikiti, shule, minazi yenye wenyewe, na watu wanavua. Sehemu nyingine uvuvi umezuiwa kabisa, nyingine unaruhusiwa kwa masharti. Mabishano ya nani avue wapi na kwa nyavu gani yamekuwepo tangu mwanzo, na klabu ya mazingira inafaa iyasikie kutoka kwa mvuvi, si kutoka kwangu. Ombeni kijijini mzee mmoja na mama mmoja anayechokoa pweza wakae nanyi nusu saa chini ya mnazi. Waulizeni habari za kuvua kwa baruti. Mvuvi aliyeona enzi za baruti ataeleza vizuri kuliko kitabu kinachotokea kwa mwamba uliopigwa: samaki wanaelea asubuhi moja, halafu miaka mingi hapana kitu pale.

Kwa mwalimu wa jiografia kuna hoja ambayo sijui kwa nini haifundishwi zaidi mikoa ya kusini. Mkondo mkubwa wa Ikweta ya Kusini unavuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki na kuligonga bara karibu na hapa mpakani, kisha unagawanyika: tawi moja linapanda kaskazini kuelekea Mafia, Zanzibar na Kenya, jingine linashuka kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji. Vichanga vya matumbawe na samaki husafiri na maji kabla ya kushika mahali. Maana yake ni kwamba miamba ya huku ina nafasi ya kuwa mama wa miamba mingine mbali kaskazini. Chora ramani hiyo ubaoni kabla hamjaondoka.

Njia ya kutoka Mtwara ni kama kilomita 45, mnapita Madimba penye mitambo ya kusafishia gesi. Msipite kimya: gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na bomba linaloipeleka Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Visima vyenyewe viko huko huko rasini, jirani na hifadhi, kwa hiyo kuna sehemu zina uzio na walinzi, na kamera huko hazitakiwi. Ondokeni mjini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Coaster iishie kijijini. Mbele ni mchanga mtupu, na gari la namna hiyo likizama mtamaliza bamvua yote mkisukuma.

Anzeni na mikoko, maji yakiwa bado yanatoka. Kila mwanafunzi avae raba kuukuu zenye kamba. Kandambili tope linameza, na pekupeku chaza waliong'ang'ania kwenye mizizi watawachana nyayo. Mkoko wenyewe utaujua kwa mizizi iliyopinda na kusimama juu ya tope kama miguu ya kaa, na kwa zile mbegu ndefu za kijani zinazoota zikiwa bado mtini, zikidondoka zinachoma tope na kuanza maisha. Mchu ni tofauti, wenyewe umezungukwa na mamia ya vijiti vinavyochomoza topeni, urefu wa kalamu. Hivyo ndivyo unavyopumulia. Mwambie mwanafunzi mmoja achume jani moja la mchu, moja tu, alitazame vizuri kwenye jua. Ataona chembe ndogo zinazong'aa. Alilambe. Ni chumvi ambayo mti umeitoa mwilini. Nimeona watoto waliokuwa wakisinzia kwenye basi wakiamka kwa jani hilo. Msinzi na mkandaa pia mtaikuta. Muongozaji awaonyeshe mkandaa hasa, maana boriti na nguzo mtakazoziona Mikindani zimetoka kwenye miti ya jamii hizi.

Kutoka mikokoni fuateni maji yanavyorudi nyuma. Hapo ndipo penye raha yenyewe. Nyasi bahari zimelala, madimbwi yana samaki wadogo, kiti cha pweza, yaani tundu alilojifichia, utalijua kwa maganda ya kaa aliyoyatupa mlangoni baada ya kula. Mtakuta kina mama na vijiti vyao. Msiwafuate kwa makundi na msiwapige picha bila kuomba, wako kazini na wakati wao ni huo huo mfupi mlio nao nyinyi. Wanafunzi wasikanyage matumbawe hai. Tumbawe la duara kubwa hukua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo lenye kimo cha mwanafunzi wa kidato cha kwanza ni mzee kuliko babu wa babu yake. Mengi ya mwambao wa Tanzania yalipauka mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, na yaliyopona ndiyo haya.

Usalama, na hapa naomba unisikilize kama mzazi. Watoto wa Masasi wengi hawajui kuogelea, na wasiojua bahari huwa hawaiogopi inapostahili. Maji ya bamvua hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanarudi polepole, unadhani una muda. Saa ya tatu na ya nne ndizo kali. Tena hayaji kwa mbele tu: yanajaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako, kati yako na ufukwe, ukigeuka unakuta fungu ulilosimama limekuwa kisiwa. Kanuni yangu ni kwamba jedwali likisema maji yanafika mwisho saa tano, saa tano hiyo watoto wote wanageuza uso kuelekea pwani, hakuna cha bado kidogo. Mpe mwalimu mmoja saa na filimbi, kazi yake iwe hiyo tu. Kwenye maji ya kina cha kifundo watembee kwa kuburuta miguu, samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, aliyelala mchangani atakimbia badala ya kuchoma. Akichoma, dawa ya kwanza ni kuloweka mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha hospitali. Kwa hiyo chupa mbili za chai zijazwe maji ya moto matupu. Na wasiokote konokono wa bahari hata awe mzuri namna gani: wapo wenye gamba la umbo la pia ya kuchezea ambao mchomo wao unaweza kuua mtu mzima. Ukiacha hatari, kubeba magamba na matumbawe kutoka hifadhini ni kosa. Wauzaji wa magamba ufukweni msiwaunge mkono.

Boti? Kwa kundi hili, hapana. Najua visiwa vya Namponda na Mongo vinavutia, na ukienda na watu wazima wanne wanaoogelea, asubuhi ya Oktoba, na boti yenye maboya ya kutosha, ningekwambia nenda. Watoto 24 wasiojua maji, Septemba, upepo unaamka saa sita, sioni unachokwenda kutafuta ambacho hujakipata kwa miguu. Hata kuogelea nawashauri kuchagua mahali. Upande wa Ruvula, huko huko Msimbati, sakafu ya bahari inadondoka ghafla karibu sana na ufukwe, ndiyo maana wazamiaji wanapapenda, na ndiyo maana mimi sipeleki watoto kuogea hapo. Wakitaka kuoga, waoge eneo watakaloonyeshwa na askari wa hifadhi, magotini, kwa zamu, mkiwahesabu wanapoingia na wanapotoka. Mkiwa na bahati, Septemba nyangumi wa nundu hupita na watoto wao kwenye kina kirefu. Mtu akikaa kivulini Ruvula akitazama upeo wa macho, akaona moshi wa maji, ndio hao. Ruvula hiyo hiyo ndipo alipojenga Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyefika mahali pa kuitangaza rasi nzima kuwa nchi huru yake mwenyewe. Hakuna taifa lililomtambua. Mwalimu wa historia atacheka.

Kasa: usiwaahidi. Kasa wa kijani na ng'amba wote wamo kwenye bahari hii na hutaga fukwe za huku, lakini hupanda usiku, na mama kasa akiona tochi au kusikia kelele za watoto hurudi majini na mayai yake. Mnachoweza kuona mkiwahi alfajiri ni njia yake mchangani. Kasa wa kijani huburuta mapezi yote mawili kwa pamoja, alama zake zinalingana kulia na kushoto. Ng'amba hutembea kwa kupishanisha, alama zinapishana. Kiota kimoja kina mayai mia moja na zaidi, hukaa karibu miezi miwili, na joto la mchanga ndilo linaloamua watoke majike au madume. Akitokea kijana akawaambia kwa shilingi elfu tano atawafukulia kiota mwone, mkataeni na mkamwambie askari. Ni kosa la jinai, na ni somo baya kuliko yote mnayoweza kuwapa wanafunzi.

Maingilio ya Ruvuma yenyewe, kule kwenye viboko na mamba, msiende. Tangu vurugu za Cabo Delgado, ng'ambo ya mpaka nchini Msumbiji, zilipoanza mwaka 2017 ulinzi wa mpaka umekazwa, na kundi la vijana wasio na mwenyeji litasimamishwa, kwa haki. Popote mtakapokuwa upande huu, walimu muwe na vitambulisho na wanafunzi orodha yenye mhuri wa shule.

Lakini habari ya hayo maingilio mnaihitaji, kwa sababu ndiyo inayowavusha kutoka Msimbati hadi Mikindani. Machi 1866 David Livingstone alikuja kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Alitaka kuanzia mtoni. Alikuja na meli ya kivita ya Kiingereza iliyoitwa Penguin, na jahazi lililobeba wanyama: ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda, alitaka kuwajaribu kama wataishi penye mbung'o. Walipofika mdomoni mwa Ruvuma wakakuta mikoko na tope, hakuna pa kumpitisha ngamia. Mikoko ya namna ile ile, Mwalimu, ambayo wanafunzi wako watakuwa wameikanyaga siku moja kabla kwa raba zilizojaa tope, hiyo ndiyo iliyomshinda. Akapanda kaskazini akashukia ghuba ya Mikindani, akaisifu sana bandari yake, akapanga nyumba, na mwanzoni mwa Aprili akaondoka kwenda Ngomano, Ruvuma inapokutana na Lujenda, hadi Nyasa. Katika msafara walikuwemo Chuma na Susi, ambao mwaka 1873 aliposhindwa na ugonjwa waliubeba mwili wake kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo. Wanyama wale wote hawakufika popote.

Mikindani mtaonyeshwa nyumba yenye kibao cha Livingstone ukutani. Piga picha kama unataka, lakini usiwaambie wanafunzi kwa uhakika kwamba alilala pale. Nyumba inaonekana kuwa ya baadaye, na kibao chenyewe hakidai zaidi ya kusemekana. Mwalimu wa historia anaweza kuitumia vizuri kuliko nyumba ya kweli: awaulize tunajuaje.

Jumamosi saa kumi mtakapofika ghuba itakuwa imejaa, duara la maji lenye mlango mwembamba, madau yameelea mbele ya mji. Hapo wanafunzi wataelewa wenyewe kwa nini wafanyabiashara walipapenda: jahazi likishaingia, upepo wa nje haulifikii. Mji wenyewe muuache hadi Jumapili. Saa moja na nusu asubuhi, nyumba yoyote ya zamani iliyobanduka chokaa, wasimamishe mbele ya ukuta, karibu kabisa, pua kwenye jiwe. Wataona vitundu vidogo vya umbo la nyota, mistari inayozunguka, mirija. Ni matumbawe. Kuta zimejengwa kwa mawe ya mwamba na kuunganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Kisha wainue macho: palipobaki dari, kuna boriti za mikoko zimepangwa mstari. Wapime upana wa vyumba kwa hatua. Ni vyembamba, karibu vyote kwa upana mmoja, hata vya tajiri, kwa sababu boriti haiendi zaidi ya urefu wake. Mti wa mikokoni ndio uliomwamulia mwenye nyumba upana wa sebule.

Upande wa pili wa hadithi hiyo nao usemwe. Kuchoma chokaa hakukuishia enzi za masultani. Miamba ya Ghuba ya Mikindani imeumizwa sana na uvunaji wa matumbawe kwa ajili ya tanuri za chokaa katika miaka ya karibuni. Kama kuna hoja moja ya kujadili kwenye klabu mkirudi, ni hii: nyumba tunazozihifadhi na mwamba tunaouhifadhi ni mawe yale yale, na mtu maskini anayechoma chokaa leo anafanya alichofanya fundi tunayemsifu.

Mwalimu mwenzako anaogopa magofu. Yapo, na mengine yanasikitisha, mbuyu umekaa chumbani. Lakini pia kuna milango ya nakshi, roshani, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limesimama juu ya mji, jeupe, lina mnara. Sasa ni hoteli, ilikarabatiwa kwa mradi wa hisani wa Waingereza. Andikeni mapema kuomba kuingia, msifike watu 27 mlangoni na vyakula mkononi. Kutoka juu mnaiona ghuba yote.

Chini kuna jengo linaloitwa soko la watumwa. Hapa naomba sauti ishuke kidogo na picha za kucheka zisipigwe. Jengo lilivyo leo limekarabatiwa, na si lazima kila ukuta wake uwe wa enzi zile, ila biashara ilikuwepo bila ubishi: misafara kutoka Ziwa Nyasa ilishuka kwenye bandari hizi za Mikindani, Lindi na Kilwa, ikapita nchi mnayotoka nyinyi. Sultani Barghash alifunga masoko ya watumwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alipanda kutoka pwani na watumwa waliokombolewa, nia yao wafike Nyasa, wakaishia kujenga makazi chini ya milima ya mawe. Mahali hapo ni Masasi. Kwa hiyo wanafunzi wako hawakuja kuangalia historia ya watu wa pwani. Kama mmoja wao ana ukoo uliotokana na makazi yale, na si ajabu akawepo, mpeni nafasi aseme kama anataka.

Kwa nini mji ukalala? Kwa ufupi: Waingereza walitaka karanga. Mradi wa karanga wa Nachingwea ulihitaji meli kubwa, ghuba ya Mikindani haikuzitosha, ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara iliyofunguliwa mwaka 1954 pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikashindwa, reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960, bandari ikabaki. Leo inasafirisha korosho zenu.

Yaliyobaki ni madogo. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa serikalini kwa namba ya malipo, si mkononi mwa mtu. Raia hulipa kidogo kuliko wageni, na barua ya shule inayoeleza ziara ya mafunzo ifike ofisi ya hifadhi wiki tatu kabla. Chakula cha mchana cha Msimbati agizeni kijijini siku moja kabla, wali wa nazi na samaki kwa watu 27 haupikwi kwa dharura. Maji ya kunywa bebeni kutoka mjini. Wasichana na wavulana wavae nguo za heshima mkipita kijijini na Mikindani, kaptula za kuogea zibaki ufukweni. Takataka zote zirudi na Coaster. Kwa jeraha lolote kubwa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, iko Mtwara mjini. Dereva aijue njia yake kabla, na asiende kulala mahali bila simu.

Kwenye barua yako weka tarehe mbili za bamvua zinazofuatana, ya mwezi mchanga na ya mwezi mpevu, wiki mbili katikati yake. Ofisi ikisema ya kwanza haifai, usikubali kusogezewa wiki moja mbele. Wiki moja mbele ni maji mafu.